Shotokan (mtindo wa karate) kwa simu, mwalimu yuko mbali: kihon (mbinu za msingi) na kata (mapigo ya mtu mmoja kwa mpangilio maalum) zinawezekana, kumite (kupambana na mwenza) ndiyo hapana. Mnasemaje?

#1 Mpanda_Kwetu
Wakuu, salaam. Hapa nilipo hakuna dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Shotokan, ya karibu ni safari ya siku nzima kwa basi. Nimempata sensei anayefundisha kwa simu. Jumatatu anatuma video, Ijumaa natuma ya kwangu, Jumamosi tunaonana WhatsApp nusu saa.

Hoja yangu ni hii, naomba muichambue: kihon na Heian zote tano (kata za mwanzo) mtu anaweza kuzipata kwa njia hii hadi mkanda wa kahawia, kwa sababu ni mambo ya mtu mmoja na yanaonekana kwenye picha. Kumite ndiyo haiwezekani, maana inataka mtu wa pili. Wanaojua waseme nakosea wapi, na hasa waseme ni kitu gani huharibika na kinarekebishwaje. Uwanja ninao, saruji, mita 4 kwa 5.

#2 Ngoja_Nione
Uzi mzuri. Nakaa hapa, wajuzi waje.

#3 FundiMiguu
Mkuu Mpanda, mimi naona umegeuza. Kumite unaweza kuichelewesha ukaja kuijaza baadaye. Kihon ikishakaa vibaya mwilini, kuing'oa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha mtu asiyejua chochote. Na haionekani kwenye picha kirahisi hivyo.

Chukua zenkutsu-dachi, msimamo wa mbele, peke yake. Urefu kama mabega mawili, upana bega moja, uzito asilimia 60 mbele na 40 nyuma, goti la nyuma limenyooka, kisigino cha nyuma kimekanyaga. Anayejifunza peke yake hukosea pale pale. Upana unapotea, miguu inakaa kwenye mstari mmoja na mtu anayumba. Goti la mbele linalala ndani. Unyayo wa nyuma unatazama pembeni kabisa, na ukitazama pembeni nyonga haifungi mbele unapopiga gyaku-zuki (ngumi ya mkono wa nyuma), ngumi inabaki ya mkono mtupu. Video ya mbele itaonyesha upana na goti, haitaonyesha urefu. Ya pembeni itaonyesha urefu, upana hutauona. Sensei akipata moja tu, nusu ya makosa yanapita.

Dawa yake: piga mistari miwili ya chaki iliyo sambamba, umbali wa mabega yako, kwa urefu wote wa uwanja. Mguu wa kulia unaishi mstari wa kulia, wa kushoto mstari wa kushoto. Unapopiga hatua, mguu unaopita unakuja ndani karibu na mwenzake, halafu unatoka tena kwenda kwenye mstari wake. Kwa goti, chukua uzi ufunge nati, timazi ya fundi mwashi hiyo, uushike kwenye goti la mbele. Nati itue karibu na shina la kidole gumba cha mguu. Ikitua nje ya unyayo kwa upande wa ndani, goti limelala, na goti lililolala miezi sita litakuuma.

#4 Jicho_la_Pembeni
Naongezea kwenye kurekodi, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ya sensei wa mbali ilipo.

Simu isishikwe na mtu, iegemezwe. Urefu wa kiunoni, si chini sakafuni wala juu ya kabati. Ukiiweka chini msimamo unaonekana mrefu kuliko ulivyo, ukiiweka juu unaonekana umesimama wima. Umbali mita 3 hadi 4, mwili mzima uonekane, nyayo zisikatwe. Dirisha liwe nyuma ya simu, lisiwe nyuma yako, la sivyo unabaki kivuli. Suruali ipandishwe hadi juu ya goti au vaa kaptura. Gi, vazi la karate, ni nzuri kwa heshima, ila inaficha magoti.

Simu nyingi zinarekodi picha 30 kwa sekunde. Ngumi inayochukua robo sekunde inaishia kwenye picha 7 au 8, na katika hizo nusu mkono umefifia. Kama simu ina picha 60 kwa sekunde, washa hiyo, hata kwa kupunguza ukubwa wa picha.

Tuma vipande vya sekunde 20 hadi 30, kila kimoja kosa moja. Zenkutsu mbele, zenkutsu pembeni, basi. Na usitumie kamera ya mbele, inageuza kulia kuwa kushoto.

#5 Kaskazi07
#4 umesema vizuri, ila hapo mwisho parekebishwe. Kamera ya mbele inakugeuza kwenye kioo wakati unajitazama. Faili linalohifadhiwa inategemea simu: zipo zinazolihifadhi limegeuzwa, zipo zinazolinyoosha, na nyingi zina swichi yake kwenye mipangilio. Jaribio la sekunde tano: rekodi ukiwa umevaa fulana yenye maandishi. Maandishi yakisomeka, video iko sawa.

Shida kubwa iko upande wa pili, video ya sensei. Akisimama anakutazama, mkono wake wa kushoto uko kuliani kwako. Wengi hujifunza kata nzima imegeuzwa, wanaanza Heian Shodan kwa kugeukia kulia. Mwombe arekodi akiwa amekupa mgongo. Mgongo kwanza, uso baadaye.

#6 Mpanda_Kwetu
Asanteni. Heian Shodan nimeanza, ile ya mapigo 20. Mgongo nitamwomba.

#7 Mzee_Tekki
Kijana, 20 ni Heian Sandan. Shodan ina 21, Nidan 26, Yondan 27, Godan 23. Shika hesabu hizo mapema, kwa sababu peke yako hesabu ndiyo inayokuambia kwamba umeruka kitu. Wanaopata 20 kwenye Shodan karibu wote wameruka la nne: baada ya gedan-barai (kinga ya chini) ya kulia, unavuta mguu wa mbele nusu, mkono unazunguka, unashusha tettsui (ngumi ya nyundo), ndipo unapiga hatua ya oi-zuki (ngumi ya kusonga mbele). Kwenye video ndogo la tatu na la nne yanaonekana kama pigo moja. Kiai (ukelele wa pigo) ni mbili, la 9 na la 17. Kiai yako ikiangukia la 8, umeshajua kosa liko kabla ya hapo.

Na usikimbilie zote tano. Funakoshi mwenyewe, aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alieleza kwamba kata tatu za Tekki zilimchukua miaka kumi.

#8 Bi_Kokutsu
Shikamoo Mzee Tekki. Naomba nipinge kidogo. Miaka kumi hiyo alikuwa na walimu wanaomtazama kila usiku. Mtu wa mbali akikaa na kata moja muda mrefu bila jicho la mtu, anazidi kukomaza kosa. Kwake yeye ni afadhali aende Nidan mapema, kwa sababu Nidan ina kokutsu-dachi (msimamo wa uzito nyuma) nyingi, na kokutsu ndiyo inayofichua kama nyonga zinafanya kazi.

Kokutsu ina kipimo cha nyumbani. Visigino viwili kwenye mstari mmoja wa chaki, mguu wa mbele unatazama mbele, wa nyuma unatazama pembeni nyuzi 90, goti la nyuma linasukumwa nje juu ya vidole vyake, uzito 70 nyuma na 30 mbele. Ukiweza kuazima mizani mbili za kupimia uzito zenye kimo sawa, simama juu yake: mtu wa kilo 70 aone 49 nyuma na 21 mbele. Mizani hakuna? Inua mguu wa mbele taratibu. Ukiinuka bila mwili kurudi nyuma, uzito ulikuwa mahali pake. Ukilazimika kuegemea nyuma kwanza, ulikuwa umesimama katikati na jina tu ndilo la kokutsu.

#9 Mzee_Tekki
Marhaba binti. Kipimo cha mizani ni kizuri sana, nakichukua. Lakini kwenye kwenda Nidan mapema bado sikubali. Kokutsu ipo hata mwisho wa Shodan, shuto-uke (kinga ya ubavu wa kiganja) nne. Zitoshe hizo kwanza.

#10 Maskati_Ghorofani
Salaam kutoka Maskati. Hamjagusa sakafu. Mpanda ana saruji, sisi wa ghorofani tuna vigae. Ni hatari mbili tofauti kabisa.

Saruji yenye mikwaruzo inashika unyayo. Ukipiga mawashi-geri (teke la kuzunguka), mguu unaosimama lazima uzunguke, kisigino kielekee unakopiga. Saruji ikiushika, nyonga inazunguka, unyayo hauendi, msokoto wote unaishia gotini. Hapo ndipo magoti yanapokufa, hata kama umbo la teke ni zuri. Viatu vya raba ni vibaya zaidi. Kwenye saruji kavu piga mawashi-geri kwa hatua mbili: kwanza geuza unyayo unaosimama, kisha inua goti. Unapoteza kasi, unaokoa goti. Udongo ulioshindiliwa na kufagiliwa ndio bora kwa peku. Mchanga mzito unaficha makosa ya msimamo, kwa hiyo usiufanye uwanja wa kila siku.

Vigae vinateleza kwa jasho na soksi. Peku, futa sakafu kabla, na usirefushe zenkutsu kupita kiasi maana mguu wa nyuma utaondoka.

#11 FundiMiguu
#10 umenikumbusha kiwiko. Asiye na mwenza anapiga hewa mwezi mzima kwa nguvu zote, mkono unanyooka hadi mfupa unagonga mfupa. Baada ya wiki chache kiwiko kinauma nyuma, anadhani ni kawaida ya mazoezi. Si kawaida. Ngumi ya hewani isimame kiwiko kikiwa bado na mkunjo mdogo, na kinachoisimamisha ni misuli ya chini ya kwapa na mkono mwingine unaorudi kiunoni kwa kasi ile ile. Kama hikite, huo mkono unaorudi, ni mvivu, kiwiko ndicho kinachofanya kazi ya breki.

Uwiano mzuri: ngumi kumi taratibu sana, kumi kwa kasi bila nguvu, tano tu kwa nguvu. Si mia kwa nguvu.

#12 Nyundo_ya_Tanga
Ndiyo maana inatakiwa makiwara, ubao wa kupigia ngumi. Hewa haikuambii chochote. Ubao unakuambia palepale kama kifundo cha mkono kimepinda.

Kutengeneza: mbao iliyonyooka, isiyo na fundo, upana kama sentimita 10. Chini ibaki nene, juu uirandie ipungue hadi sentimita 2 hivi, ili ncha inesenese. Theluthi moja ifukiwe, ishindiliwe na mawe. Kabla ya kufukia paka oili chafu ya gari sehemu ya chini, mchwa hawachelewi. Ncha ifike kwenye chembe cha moyo chako ukiwa umeshuka kwenye zenkutsu, si ukiwa wima. Juu zungushia kamba ya katani, sentimita 30, uikaze sana. Huku kwetu katani si shida. Katani mpya ina miiba midogo, igonge kwa nyundo na uilowanishe kwanza.

Jaribu: weka ngumi, sukuma kwa uzito wa mwili. Ncha ikisogea sentimita chache na kurudi, iko sawa. Isiposogea, randa zaidi, la sivyo unapiga ukuta. Gusa kwa vifundo viwili tu, cha shahada na cha kati. Kumi kila mkono kwa kuanzia, nusu nguvu. Ngozi ikifunguka, acha hadi ipone kabisa.

#13 Bi_Kokutsu
Kaka Nyundo, maelezo ya ujenzi ni dhahabu, lakini kwa mwanafunzi wa simu mwaka wa kwanza mimi napinga. Makiwara inasahihisha ngumi na inaharibu msimamo. Mtu anaanza kuegemea mbele kuutafuta ubao, kisigino cha nyuma kinanyanyuka, bega linapanda. Sensei hayupo wa kumrudisha. Afadhali mto uliofungwa kwenye nguzo.

#14 Nyundo_ya_Tanga
Mto haukurudishii nguvu, dada. Na bega kupanda kunaonekana kwenye video ya pembeni vizuri tu. Arekodi ngumi tano za makiwara kila wiki, kosa litaonekana kabla halijakomaa.

#15 Mwanajudo_KE
Habari zenu. Nyinyi wa karate mna bahati hata ya kubishana. Judo kwa video haipo. Kano alipoianzisha Kodokan mwaka 1882 aliijenga juu ya watu wawili wanaoshikana, ukitoa mwenza kinabaki kivuli. Cha kufanya peke yako ni ukemi, yaani kuanguka, na hata hiyo kwenye nyasi nene au godoro na kwa mpangilio huu: anza umelala chali, kidevu kifuani, piga sakafu kwa kigasha kizima na kiganja, mkono ukiwa kama nyuzi 30 hadi 45 kutoka mwilini. Kisha umechuchumaa, kisha umesimama. Kosa la kuua ni kuweka mkono nyuma kujizuia, kifundo au kiwiko kinaondoka. La pili ni kuachia kidevu, kisogo kinagonga.

Na tafadhali sana, mbinu za kukaba shingo zisijaribiwe nyumbani kwa kutazama video. Damu ya kichwani inakatika kwa sekunde chache, anayekabwa anazimia hata kabla hajasikia maumivu, na asiyefundishwa hajui wakati wa kuachia.

#16 Ngoja_Nione
Mwanajudo hakosi uzi wa karate hata mmoja, karibu tena. Swali: mbona mwaka 2020 wakati wa korona taekwondo walifanya mashindano ya poomsae (kata zao) mtandaoni, na karate nao wa kata? Si ushahidi kwamba umbo linaonekana kwenye video?

#17 Jicho_la_Pembeni
Ni ushahidi kwamba umbo linapimika kwenye video. Jaji anatoa alama, hamrekebishi mtu, na waliokuwa wanarekodi walishakuwa na miaka dojoni. Kupima na kufundisha ni kazi mbili. Mtu aliyeona goti limelala bado hajajua kwa nini limelala: huenda ni msuli wa nyonga dhaifu, huenda ni msimamo mrefu mno kwa mtu huyo, huenda ni kifundo cha mguu kigumu kisichokunja. Dojoni sensei anaweka mkono pajani, anasikia. Mbali anabahatisha, anatoa zoezi, anasubiri Ijumaa nyingine.

#18 Kaskazi07
Hapo ndipo ninapoona wengi wanakwama, na sababu yake kwangu si kukosa mkono wa sensei. Ni kukosa mpangilio. Mtu ana video mia mbili. Leo anaangalia ya shule moja, kesho ya mshindani wa kimataifa, keshokutwa ya mtindo mwingine kabisa.

Mfano halisi: Shito-ryu na Wado-ryu wana kata ziitwazo Pinan, ni ndugu wa Heian, zote chanzo chake ni Itosu wa Okinawa. Funakoshi alipozichukua alibadilisha nafasi za mbili za kwanza. Kwa hiyo Heian Shodan ya kwetu ni Pinan Nidan ya kwao, na Pinan Shodan ni Heian Nidan. Ukitafuta kwa jina tu unajifunza kata siyo, halafu na misimamo yao ni mifupi zaidi. Goju-ryu nao hawana Heian kabisa katika mtaala wao wa asili, huko utakuta Gekisai na Sanchin. Chagua sensei mmoja, mtaala mmoja, hizo nyingine zifute kwenye simu.

#19 FundiMiguu
Mpangilio ni kweli, ila anayekwama Sandan kwa mpangilio wa sensei mmoja naye yupo, tena wengi. Kinachomkwamisha ni nyonga, narudi pale pale #3.

#20 Maskati_Ghorofani
Mimi nasema ni kasi. Peke yako hakuna anayekuhesabia, unaenda kwa mwendo unaoupenda. Kata yote inakuwa na mdundo mmoja.

#21 Mpanda_Kwetu
Mnanipa sababu tatu na zote naziona kwangu. Je, kile kipindi cha Jumamosi cha moja kwa moja nikitumieje? Sensei anahesabu ichi, ni, san (moja, mbili, tatu), mimi napiga, lakini anasema kila mara nimechelewa.

#22 Jicho_la_Pembeni
Hujachelewa, mtandao ndio unachelewa. Sauti yake inakufikia baada ya muda, picha yako inamrudia baada ya muda mwingine, yeye anaona jumla ya vyote viwili. Ndiyo maana muda na umbali wa kumite havifundishiki hivyo hata mkinunua bando la bei gani.

Mwombe arekodi sauti ya kuhesabu peke yake: moja hadi kumi kwa nafasi sawa, nyingine kwa nafasi zisizo sawa ili usibashiri. Unaicheza kwako, unarekodi video, unamtumia. Kwenye kutuma, usitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, inaminywa na mikono inafifia. Tuma kama hati, faili linafika kama lilivyo. Litakula bando zaidi, ndiyo maana vipande viwe vifupi. Jumamosi iwe ya maswali na ya yeye kukuangalia ukisimama tuli kwenye misimamo. Mtu aliyesimama tuli haathiriwi na kuchelewa.

#23 Nyundo_ya_Tanga
Hapo sikubaliani. Kipindi cha moja kwa moja hata kikichelewa kinamfanya mtu ajitokeze. Wa kutuma faili peke yake anarudia kurekodi mara nane anatuma ile nzuri. Sensei hajui ya kwanza ilikuwaje, na ya kwanza ndiyo ukweli.

#24 Jicho_la_Pembeni
Basi wakubaliane: faili la kwanza na la mwisho, yote mawili, bila kukata.

#25 Mzee_Tekki
Hilo zuri. Nami niongelee pesa na mikanda, kwa sababu mtoa mada ametaja kahawia.

Zipo kurasa zinazouza mkanda mweusi kwa video moja na ada. Kabla ya kulipa chochote muulize sensei: yuko chini ya chama gani na cheti cha dan (daraja la mkanda mweusi) kimetolewa na nani, mitihani ya kyu (madaraja ya chini ya mkanda mweusi) kwa video inatambuliwa na chama hicho au ni ya dojo yake tu, na kuanzia kiwango gani lazima ufike mwenyewe. Mwenye kusema hakuna kiwango cha kufika mwenyewe, achana naye. Mtihani wa Shodan, dan ya kwanza, una kihon, kata na kumite. Kumite haifanywi na kivuli. Ukifika dojo ukiwa na mkanda wa kahawia wa video na hujawahi kupigiwa oi-zuki ya kweli usoni, dakika ya kwanza inajulikana.

Ushauri wangu: panga nauli ya mara mbili kwa mwaka, siku tatu nne dojoni kila mara. Nenda na orodha ya makosa ambayo sensei wa simu ameshindwa kuyatatua. Mkanda vaa mweupe ukiingia mara ya kwanza, wakuambie wenyewe.

#26 Bi_Kokutsu
Na hili kwa akina dada na kwa wazazi. Video za mtu amevaa kaptura hazitumwi kwa mtu yeyote aliyejiita sensei. Tumieni kundi lenye wanafunzi wengine, marekebisho yatolewe mbele ya wote, yanawafaa na wao. Mtoto asiwe na mazungumzo ya pembeni na mwalimu wa mbali, simu iwe ya mzazi na mzazi awepo. Sensei safi hataona vibaya. Suruali ya kubana kidogo inaonyesha magoti vizuri tu, kaptura si lazima.

#27 Jicho_la_Pembeni
Sahihi dada, na mimi #4 kaptura niifute. Suruali inayobana inatosha.

#28 Maskati_Ghorofani
Kuhusu mwenza: asiyejua karate anaweza kukusaidia umbali, mkimpa kazi ndogo. Mpe kandambili. Aishike kwa mkono ulionyooka pembeni ya mwili wake, si mbele ya uso wake. Wewe lenga chudan, usawa wa kifua na tumbo, hatua moja, oi-zuki, ngumi iguse na kurudi. Akishazoea, aiondoe bila kukuambia, ujifunze kusimamisha ngumi mahali palipokuwa na shabaha bila kuanguka mbele. Baadaye atembee: anasogea hatua, unarudi hatua, umbali usibadilike. Wa kukupigia ngumi asiwe asiyefundishwa, hajui kuisimamisha.

#29 Mwanajudo_KE
Hiyo ya kandambili inafanya kazi hata kwa teke. Wakiibana mbili pamoja sauti inatoka kali, unasikia kama umepiga kwa shina la vidole au kwa vidole vyenyewe. Kwa mae-geri (teke la mbele) vidole vikunjwe juu. Ukigusa kwa vidole utajua usiku.

#30 Mpanda_Kwetu
Nimechora mistari miwili ya #3 na nimeweka alama ya X pa kuanzia. Heian Shodan inatakiwa iishie hapo hapo, sivyo? Yangu inaishia kama sentimita 60 mbele ya X. Nimebadilisha upande wa kuanzia, bado ni mbele.

#31 FundiMiguu
Hatua za kurudi ni fupi kuliko za kwenda. Unakwenda na age-uke (kinga ya juu) tatu, unarudi na oi-zuki tatu. Kwenye oi-zuki watu wanakimbiza ngumi, mguu unatua mapema. Ukipoteza sentimita 20 kila hatua, 60 ndizo hizo.

#32 Kaskazi07
Inaweza kuwa mgeuko wa 10. Baada ya kiai ya kwanza mguu wa kulia uko mbele. Huo haubanduki, unazunguka tu mahali pake, wa kushoto ndio unaosafiri, nyuzi 270 kwa kushoto. Wengi wanaupeleka wa kulia mbele nusu hatua bila kujua ili wapate nafasi ya kugeuka. Hapo umeshasogea kabla hata hujaanza kurudi.

#33 Mzee_Tekki
Au ni mwisho kabisa. Shuto-uke ya 21 ni ya kushoto, mguu wa kushoto mbele, mwili umeelekea pembe ya mbele kulia. Kurudi yoi (msimamo wa kuanzia) unavuta wa kushoto. Ukiuleta wa kulia mbele badala yake, unatoka kwenye alama. Lakini hapo utakuwa mbele na pia kulia. Kijana, wewe uko mbele tu, au mbele na kulia?

#34 Mpanda_Kwetu
Mbele, na kulia kidogo, kama sentimita 15.

#35 Bi_Kokutsu
Kulia 15 ni kidogo mno kwa kosa la Mzee, na ni nyingi kwa hatua fupi peke yake. Huenda ni mawili kwa pamoja.

#36 FundiMiguu
Lowanisha nyayo, fanya kata kwenye saruji kavu kwa mwendo wa taratibu, usisimame. Kabla maji hayajakauka panda kwenye kiti upige picha kutoka juu, X ionekane. Pima kisigino hadi kisigino kwenye hatua za 7, 8, 9 na za 15, 16, 17, uandike hapa. Na alama ya mguu wa kulia pale pa 9 iangalie vizuri: ikiwa duara moja lililosuguka, Kaskazi amekosa. Zikiwa nyayo mbili, amepata.

#37 Mpanda_Kwetu
Sawa wakuu. Kesho asubuhi kabla jua halijawa kali.